Malighafi za Jibini ya Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuzitafuta Mjini Mombasa

Mtu wa Mombasa anayeamua kutengeneza jibini nyumbani hukutana mapema na orodha inayomvunja moyo: renneti (vimeng'enya vya kugandishia maziwa), kalsiamu kloridi, asidi ya sitriki, bakteria wa kuchachushia maziwa, chumvi isiyo na madini ya joto. Akiisoma orodha hiyo kwa muuza duka wa mtaani kwake, atajibiwa kwamba hakuna, na wengi huishia hapo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya vitu hivyo imo mjini tayari, ila huuzwa kwa kazi nyingine na kwa watu wasiofikiria jibini hata kidogo. Vya kuagizwa kutoka mbali ni viwili, au vitatu kwa mwenye tamaa zaidi. Kinachosumbua kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni maziwa yenyewe, na ndiyo sababu sehemu inayoyahusu hapa chini ni ndefu kupita nyingine.

Hatua ya kwanza: chagua jibini kabla ya kununua chochote

Jibini za kukomazwa, kama vile cheddar na gouda, hukaa wiki nyingi au miezi katika joto la nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, mahali penye unyevu wa karibu asilimia 85. Unyevu huo nyumba ya Mombasa inao bila kuutafuta, lakini joto hilo halipatikani hata katika usiku wa baridi wa kusi. Friji ya kawaida nayo, yenye nyuzi 4, ni baridi mno na hukausha. Asiye na friji ya pili iliyofungwa kidhibiti cha joto asipoteze fedha zake kwa bakteria wa jibini za kukomazwa.

Zinabaki jibini mbichi, nazo ni za namna tatu. Kuna ile inayogandishwa kwa moto na asidi, ambayo Wahindi wa mji huu wameifanya paneer kwa vizazi vingi. Kuna jibini laini ya kupaka mkate, inayochachushwa kwa saa nyingi na kutiwa matone machache tu ya renneti. Na kuna jibini ya maji ya chumvi, mfano wa feta, inayohitaji kipimo kamili cha renneti na inayoweza kukaa wiki kadhaa katika friji ya kawaida ikiwa imezamishwa. Ya kwanza haihitaji kuagiza kitu chochote. Ya pili inahitaji renneti peke yake, na ya tatu inahitaji renneti pamoja na kalsiamu kloridi. Ningemshauri mtu azijaribu kwa mpangilio huo huo, kwa kuwa kila moja inafundisha jambo litakalohitajika katika inayofuata.

Hatua ya pili: maziwa

Maziwa yanayouzwa Mombasa ni ya aina nyingi, na pakiti mbili zinazofanana kwa rangi zinaweza kuzaa matokeo yasiyofanana kabisa. La kwanza kuangalia ni mahali yanapokaa dukani. Maziwa ya pakiti yanayokaa kwenye rafu bila friji na yenye tarehe ya mwisho iliyo miezi mbele yamepitishwa kwenye joto la nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache. Joto hilo hufanya protini za maji ya maziwa zijishikize kwenye kaseini, protini ambayo ndiyo hujenga jibini, na renneti ikija haipati nafasi ya kuikata. Badala ya bonge linalokatika kwa kisu utapata kitu kama uji. Hakuna kipimo cha renneti wala cha kalsiamu kitakachoyaokoa maziwa hayo vizuri. Kwa paneer yanaweza kutumika, ingawa bonge lake huwa laini. Kwa jibini nyingine zote yaache rafuni.

Yanayofaa ni maziwa yaliyopashwa kwa kiasi, nyuzi 72 kwa sekunde 15, ambayo huuzwa kutoka kwenye friji na tarehe yake ya mwisho ni ya siku chache tu. Haya ndiyo pia yanayotakiwa kutoka kwenye mashine za maziwa zilizoenea mitaani, ambapo mnunuzi huja na chupa yake. Kwa mashine hizo muulize mwenye duka mambo matatu: maziwa yalipashwa wapi, yaliingizwa kwenye mashine saa ngapi, na je, mashine ilizimika umeme ulipopotea usiku? Ni afadhali kununua asubuhi ya siku ambayo maziwa mapya yamefika.

Maziwa mabichi ya ng'ombe wa Kilifi au Kwale, ukimjua mfugaji, hutoa jibini nzuri kuliko yote, lakini hayatumiki kabla ya kuuawa vijidudu vyake. Ugonjwa wa brusela huambukizwa kwa maziwa mabichi na kwa jibini mbichi iliyotengenezwa nayo, tena humtesa mgonjwa kwa muda mrefu. Yapashe nyumbani hadi nyuzi 63 na uyashikilie hapo kwa dakika 30 huku ukikoroga polepole, kisha itie sufuria ndani ya beseni la maji ya barafu ili yapoe haraka. Usiyachemshe mpaka yafure, kwa sababu utayaharibia uwezo wa kuganda kwa renneti kama ilivyo kwa maziwa ya rafuni.

Kabla ya kununua lita nyingi kwa mchuuzi usiyemzoea, nunua kidogo uyajaribu. Chemsha kiasi cha kijiko kikubwa: yakikatika motoni, yameanza kuchacha na hayafai. Ukiwa na laktomita, kifaa cha kupimia uzito wa maziwa, maziwa halisi ya ng'ombe huonyesha 28 au zaidi kidogo, lakini kifaa hicho kwa kawaida husomwa kwenye nyuzi 20, na maziwa yaliyoshinda kwenye joto la Mombasa ni mepesi zaidi, kiasi kwamba mchuuzi mwaminifu anaweza kuonekana ametia maji. Yapoze kwanza ndipo uhukumu. Jaribio la tatu ni la dawa: chemsha glasi moja ya maziwa ya mchuuzi na glasi moja ya maziwa unayoyaamini, yaache yapoe hadi vuguvugu, tia kila moja kijiko cha mtindi na uyafunike mpaka asubuhi. La mchuuzi likikataa kuganda huku jingine limeganda, kuna uwezekano mkubwa kwamba ng'ombe alikuwa kwenye antibiotiki, ambazo huwaua bakteria wa jibini kama zinavyowaua wa ugonjwa.

Maziwa ya mbuzi hufaa sana kwa jibini laini. Ya ngamia, ambayo wapenzi wake hapa mjini si haba, hayagandi sawasawa kwa renneti ya kawaida na yanahitaji kimeng'enya chake maalumu. Anayeanza ayaache kwa chai.

Hatua ya tatu: vitu vilivyomo mjini tayari

Asidi ya sitriki ndiyo ndimu ya unga inayotiwa kwenye achari na mabuyu. Nenda Marikiti, yaani soko la zamani la Mackinnon, au kwenye maduka ya viungo ya Wahindi yaliyo karibu nalo, umwamkie mwenye duka na kumwambia, "Mzee, naomba ndimu ya unga ya kutilia achari." Ni chembechembe nyeupe zinazofanana na sukari. Chukua iliyofungwa na kuandikwa jina, au yenye alama E330, kwa maana katika maduka hayo hayo kuna magadi na shabu, nazo ni nyeupe pia. Kipimo cha paneer ni takriban gramu 2 kwa lita, sawa na karibu nusu kijiko cha chai, zilizoyeyushwa kwenye maji na kumiminwa kidogo kidogo maziwa yakiwa kwenye nyuzi 85 hadi 90, mpaka maji yanayojitenga yawe ya kijani kibichi chepesi. Siki na ndimu mbichi hufanya kazi hiyo pia, ila ukali wa ndimu hubadilika kutoka tunda hadi tunda, na siki huacha harufu yake.

Chumvi ya mezani nchini Kenya hutiwa madini ya joto kwa mujibu wa sheria, na mara nyingi huwa na kemikali ya kuzuia isigandamane. Vitabu vya jibini huikataza kwa hofu ya kuwadhuru bakteria. Nadhani hofu hiyo imekuzwa, kwa sababu madini yenyewe ni kidogo na chumvi hutiwa baada ya bakteria kumaliza sehemu kubwa ya kazi yao. Hata hivyo chumvi ya mawe isiyotiwa kitu ni nzuri zaidi kwa kupaka, kwani huyeyuka polepole. Tuna bahati kwamba mashamba makubwa ya chumvi ya bahari nchini yako kwenye pwani yetu hii, huko Gongoni na Marereni. Angalia tu kwamba unauziwa chumvi ya chakula, kwa kuwa ile ya mifugo na ya viwandani pia huuzwa kwa mawe makubwa.

Kitambaa cha kuchujia kinapatikana Biashara Street. Shashi ya kawaida ina matundu makubwa mno kwa jibini laini. Omba bafta nyepesi ya pamba tupu, na kwa kuwa bafta hununuliwa pia kwa ajili ya sanda, usishangae muuzaji akikupa pole kabla ya kukupimia. Ichemshe mara mbili ili itoke wanga wa kiwandani, na baada ya hapo usiifue kwa sabuni yenye manukato.

Katika duka la dawa nunua mabomba ya sindano ya mililita 1 na 5, bila sindano zake, kwa kupimia renneti. Kipimajoto cha mwili hakifai kwa sababu huishia kwenye nyuzi 42. Tafuta cha jikoni katika maduka ya vyombo, na ukipime kwenye maji yanayochemka, ambayo hapa usawa wa bahari yanapaswa kusoma 100.

Kuna pia rangi. Unjano wa cheddar hutokana na mbegu za mzingefuri, mti ambao wakulima wa Kwale huulima kwa ajili ya biashara. Kwa jibini mbichi rangi haina kazi yoyote, lakini inapendeza kujua kwamba kitu kinachouzwa ghali kwenye vichupa vya ng'ambo kinaota ng'ambo ya Likoni.

Hatua ya nne: renneti

Renneti ni vimeng'enya vinavyokata kaseini ili maziwa yagande yakiwa bado matamu. Ipo ya tumbo la ndama, ipo ya kuvu aitwaye Rhizomucor miehei, na ipo ya kimosini, kimeng'enya kikuu cha tumbo la ndama, inayotengenezwa na vijidudu viwandani, ambayo iliruhusiwa Marekani mwaka 1990 na sasa ndiyo iliyoenea katika viwanda vingi. Katika mji kama wetu suala la halali haliwezi kuachwa mwisho. Ikiwa jibini italiwa na familia nzima na majirani, chagua ya kuvu au ya kimosini yenye cheti cha halali kwenye chupa, na umwombe muuzaji akutumie picha ya lebo kabla hujalipa. Renneti ya ndama asiyejulikana alivyochinjwa italeta mjadala mezani ambao hakuna jibini inayostahili.

Wauzaji wake wengi ni wale wanaohudumia viwanda vya maziwa, nao hupatikana zaidi Nairobi. Njia za kuwafikia ni kuuliza katika viwanda vidogo vya mtindi vya hapa pwani, kwa wapishi wakuu wa hoteli za Nyali na Diani wanaotengeneza jibini yao, au kwa mtu aliyesomea Dairy Training Institute ya Naivasha, chuo kinachofundisha usindikaji wa maziwa. Ukimpata muuzaji kwa simu, usiulize bei kwanza. Uliza nguvu ya renneti, tarehe ya mwisho, imehifadhiwa wapi tangu ifike, na ujazo mdogo kuliko yote anaouza.

Nguvu huandikwa kwa herufi IMCU, kipimo cha kimataifa cha uwezo wa kugandisha maziwa. Renneti ya maji ya kawaida ina takriban 200 kwa mililita, lakini zipo za 600 na zaidi, na ya unga huweza kufika 2,000 kwa gramu au kupita. Kwa jibini nyingi za nyumbani hesabu vipimo 30 hadi 40 kwa kila lita ya maziwa. Lita 8 zinahitaji basi kama 280. Kwa renneti ya 200 hiyo ni mililita 1.4, na kwa ya 600 haifiki nusu mililita. Anayefuata kipimo cha kijiko kutoka kwenye maelekezo ya mtu mwingine bila kuangalia nguvu ndiye anayepata jibini chungu na ngumu, kisha akailaumu renneti.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwamba gramu 50 za unga wa nguvu ya 2,000 zinatosha zaidi ya lita 2,500. Hakuna nyumba itakayozimaliza kabla hazijapoteza nguvu, kwa hiyo wanunue watu kadhaa pamoja. Chama cha akina mama au kikundi cha majirani kinafaa sana kwa jambo hili.

Utomvu wa papai bichi, ambao wengine huupendekeza kwa kuwa mapapai yamejaa kila ua, hugandisha maziwa kweli. Tatizo lake ni kwamba hauachi kukata protini baada ya kugandisha, na jibini huwa chungu. Sioni sababu ya kuutumia.

Hatua ya tano: kalsiamu kloridi

Maziwa yaliyopashwa na kupozwa hupungukiwa kalsiamu iliyo tayari kulishika bonge, na pengo hilo huzibwa kwa gramu 0.2 za kalsiamu kloridi kwa lita. Hapa kuna hatari mahususi ya mji wenye unyevu kama wetu. Vikopo vya kukausha hewa kabatini, vinavyouzwa katika supamaketi, mara nyingi vimejazwa kalsiamu kloridi hiyo hiyo kwa jina, lakini si ya chakula na usafi wake haukupimwa kwa ajili ya kuliwa. Usikubali kushawishika kwa urahisi wake. Nunua iliyoandikwa kuwa ya chakula, alama E509, kwa muuzaji yule yule wa renneti, au kwa wauzaji wa viambato vya viwanda vya chakula.

Ikifika, usiiache kwenye mfuko, kwa maana itanyonya unyevu wa hewa ya Mombasa mpaka igeuke maji yenyewe na usijue tena uzito wake. Siku ile ile pima gramu 30, uziyeyushe katika maji yaliyochemshwa na kupoa kisha uongeze maji mpaka mililita 100. Chombo kitapata moto, na hilo ni la kawaida. Katika chupa ya kioo mchanganyiko huo hukaa miezi mingi kwenye friji, na mililita 0.7 zake hutosha lita moja ya maziwa. Weka kidogo pia kwenye maji ya chumvi ya feta, ambayo huwa na gramu 80 hadi 100 za chumvi kwa lita, ili uso wa jibini usiteleze.

Hatua ya sita: bakteria wa kuchachushia

Bakteria waliokaushwa kwenye vipakiti vya karatasi ya fedha wanapatikana kwa wauzaji wa Nairobi, lakini kwa jibini laini na feta za kwanza huwahitaji. Mala ya dukani isiyo na sukari huchachushwa na bakteria wa jamii ile ile, Lactococcus lactis, wanaofanya kazi vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30, yaani kwenye joto la sebule yako. Tumia iliyotoka kiwandani karibuni na isiyopashwa tena baada ya kuganda. Mililita 15 hadi 20 kwa lita zinatosha. Wakati wa kaskazi kazi huisha mapema kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema, kwa hiyo anza kuangalia baada ya muda wa saa nane.

Hatua ya saba: kuvileta na kuvihifadhi

Renneti ya maji haipendi joto. Omba itumwe kwa basi la usiku, imefungwa pamoja na barafu kwenye boksi la povu, na uifuate asubuhi yenyewe badala ya kuiacha ofisini mpaka mchana. Ya unga na bakteria waliokaushwa huvumilia safari bila shida, mradi pakiti haijafunguliwa. Nyumbani, renneti ya maji ikae ndani ya friji mbali na mlango, na bakteria wakae kwenye friza. Unga wa renneti uliofunguliwa utie kwenye chupa ndogo kavu yenye kifuniko cha kubana, na usifungue ukiwa umeitoa kwenye baridi sasa hivi, kwa kuwa umande utaingia ndani mara moja. Isubiri ifikie joto la chumba.

Maji ya kuyeyushia renneti yanahitaji uangalifu wake. Klorini ya maji ya mfereji huidhoofisha ndani ya dakika chache, na maji ya visima vya kisiwani ni ya chumvi. Tumia maji ya chupa, au ya mfereji yaliyochemshwa na kuachwa wazi mpaka yapoe, na uyatie renneti wakati maziwa yakiwa tayari kuipokea.

Hatua ya nane: ijaribu kabla ya kuamini

Renneti iliyosafiri haiaminiwi kwa tarehe ya lebo peke yake. Pasha kikombe kimoja cha maziwa, mililita 240, hadi nyuzi 32. Tia mililita 1.25 za renneti ya nguvu ya 200 kwenye nusu kikombe cha maji baridi, kisha chukua vijiko viwili vikubwa vya mchanganyiko huo na ukoroge ndani ya maziwa. Baada ya dakika kama mbili chembe ndogo zinapaswa kuonekana zikishikana kwenye ubavu wa kijiko, na kufikia dakika ya sita kikombe chote kiwe kimeganda. Ikichelewa kidogo, nguvu imepungua na kipimo kiongezwe kwa kadiri hiyo. Ikipita robo saa bila kitu, rudia kwa maziwa ya kampuni nyingine kabla ya kumpigia muuzaji, kwani mara nyingi kosa liko kwenye maziwa.

Ikifaulu, chukua lita 4 za maziwa kwenye nyuzi 30, tia mililita 70 za mala, subiri nusu saa, kisha tia matone manne ya renneti ya nguvu ya 200 yaliyoyeyushwa katika robo kikombe cha maji. Funika mpaka bonge liachane na ukingo wa sufuria, litie kwenye bafta, ulitundike ndani ya friji kwa saa sita hadi nane, na mwisho changanya chumvi kwa kiasi cha gramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya jibini. Kwenye chupa ya renneti bandika karatasi yenye tarehe ya jaribio na dakika zilizochukua, na urudie jaribio hilo kila miezi miwili au mitatu ili ujue lini ni wakati wa kuagiza nyingine.